Neno "machinga" lilitoka wapi hasa? Mimi ni Mmachinga wa kabila, nataka kujua

Mjukuu wa Lindi – #1

Wakuu, salaam.

Juzi niliibiwa simu, nikaenda kuandikisha maelezo. Afande ananiuliza jina, umri, dini, kabila. Nikajibu Mmachinga. Akanyanyua kalamu, akanitazama. "Nimekuuliza kabila. Kazi tutaifikia." Nikamwambia ndilo kabila langu, afande. Babu Mmachinga, bibi Mmwera, kwetu Lindi Vijijini. Waliokuwa nyuma yangu wakaangua kicheko. Mwisho akaandika "Mmwera" ili yaishe, na mimi nikasaini.

Nimerudi nyumbani limenikaa kooni. Sisi tupo, lugha yetu ipo, makaburi ya babu zetu yapo. Lakini nchi nzima ukitaja jina letu mtu anaona mchuuzi wa mtaani, mkanda na miwani ya jua begani. Kazini wananiambia neno hili si letu kabisa, ni Kiingereza, eti "marching guys". Mwingine anasema ni Malawi. Nani anajua ukweli? Ilikuwaje jina la watu likawa jina la biashara? Au ni maneno mawili yaliyogongana tu njiani?

Kijana wa Tandale – #2

Mkuu pole kwa simu. Hili mbona linajulikana? Ni marching guys. Wale vijana walikuwa wanatembea kutwa nzima na bidhaa mkononi, Posta, Kariakoo, Ilala, hawana meza wala kizimba. Waliosoma wakawaita marching guys, Mswahili akalainisha, ikawa machinga. Mimi nilifundishwa hivyo sekondari.

Mangi wa Mbezi – #3

Naunga mkono #2. Na wanaobisha wakumbuke Kariakoo yenyewe ni Kiingereza: Carrier Corps, wale wapagazi wa vita vya kwanza. Mwingereza alipoiteka Dar mwaka 1916 ndipo walipowekwa pale. Kama jina la soko ni la Mwingereza, ajabu gani jina la wauzaji wake nalo kuwa la Kiingereza?

Mwalimu Mstaafu – #4

Wanangu, ngojeni kwanza. Mangi ametoa mfano mzuri, lakini unamgeuka mwenyewe.

Tazameni Carrier Corps ilivyoingia kwetu: Kariakoo. "Corps" haikudondoka, imekuwa "koo". Man-of-war imekuwa manowari, "war" ipo. Keep left imekuwa kipilefti, na irabu juu. Kiswahili kikipokea neno la mgeni hakilikati mkia, hulifungia irabu mwishoni. Kwa hiyo marching guy ingetua kwetu ikiwa "machingagai". Hiyo "gai" ilikwenda wapi?

Kijana wa Tandale – #5

Mwalimu shikamoo. Lakini vijana wa mjini hukata maneno kila siku. Morogoro ni Moro, Kinondoni ni Kino. Machingagai kukatwa ikawa machinga shida iko wapi?

Mwalimu Mstaafu – #6

Marahaba mwanangu. Unasema Moro, sawa, lakini Morogoro bado ipo, mabasi yameandikwa. Kifupi huishi pamoja na kirefu chake. Nitafutie mtu mmoja aliyewahi kusema "nimenunua soksi kwa machingagai". Mimi nimeishi Dar tangu 1974, sijapata kumsikia.

Tena jiulize nani Kariakoo ya miaka ile alikuwa anazungumza Kiingereza na muuza vitana. Kwa Mwingereza "guy" lilikuwa neno la mazoea, kwetu lilikuja na sinema. Hadithi hiyo imetungwa nyuma, na mtu aliyekwishasoma.

Nyamwage–Somanga – #7

Mimi sina elimu ya maneno, nina mjomba tu.

Mjomba wangu aliondoka Lindi kuja Dar kabla hapajawa na daraja. Wadogo hamjui. Rufiji mlikuwa mnavuka kwa kivuko, na masika mnalala njiani. Kipande cha Nyamwage hadi Somanga basi linazama kwenye tope, abiria mnashuka mnasukuma, mnapika uji kando ya barabara. Korosho bei imekufa, shule hamna, kijana wa kusini abaki afanye nini?

Alifikia Kariakoo kwa mtu wa kijijini kwao. Yule mwenyeji akampa dazeni ya vitana na mikanda mitano, akamwambia zunguka, jioni uniletee hesabu. Hakulipa hata senti. Aliaminiwa kwa sababu mama yake alikuwa anajulikana. Kesho yake na yeye akamwita mdogo wake. Baada ya miaka michache mtaa mzima wa wauza mkononi ulikuwa unaongea lugha za kusini: Wamwera, Wamakonde, Wayao, Wamachinga.

Nilimkuta na kitambaa chake mwaka 1991. Kaniki nyeusi, kila pembe ameshona kamba, kamba nne zimekutana kwenye fundo moja. Bidhaa zimepangwa juu yake, amechuchumaa, fundo liko mkononi muda wote, hata akiwa anakula. Akisikia mluzi kutoka kona ya mtaa anavuta mara moja tu, kitambaa kinajifunga kama kifuko, begani, mbio. Mgambo anakuta vumbi.

Yeye alikuwa akisema: "Sisi tuliitwa wamachinga kwa sababu tunatoka kwa Wamachinga." Yeye mwenyewe ni Mmwera, lakini Dar hakuna aliyemuuliza tofauti.

Kijana wa Tandale – #8

Mkuu hiyo ya kamba nne imenigusa. Daraja la Mkapa 2001 liliwaokoa.

Nyamwage–Somanga – #9

2003 mkuu. Agosti. Nililivuka mwaka huohuo, usisahaulishe watu.

Binti wa Kariakoo – #10

Nimefungua duka Mtaa wa Kongo miaka kumi na mbili sasa. Nataka kuongeza juu ya #7.

Hapa mjini tunaita kazi kwa kabila kila siku wala hatusikii. Ukienda kununua sukari mtaani unakwenda kwa nani? Kwa mangi. Mangi ni chifu wa Wachaga, lakini leo hata muuza duka akiwa Mnyakyusa anaitikia "mangi". Mtaa mwingine wanasema "nenda kwa Mpemba", kumbe mwenye duka katoka Tanga. Ukisema "muite Mmasai afungue geti" watu wanaelewa mlinzi. Wale waliotangulia kwenye kazi huiachia kazi jina lao. Wamachinga wametangulia kutembeza mali, kazi imebaki na jina, wao wamesahaulika.

Kwa hiyo afande alikosea kucheka, lakini kosa lenyewe limeanza zamani.

Mangi wa Mbezi – #11

Dada hapo umenipiga kwa jina langu mwenyewe. Nakubali nusu. Ila swali: mbona wasiitwe Wamwera au Wamakonde, ambao ni wengi zaidi? Wamachinga ni kabila dogo. Kwa nini mchuuzi achukue jina la wachache?

Mjukuu wa Lindi – #12

Swali la #11 ndilo linaloninyima usingizi. Wamakonde Dar walikwishajulikana zamani kwa vinyago. Labda jina lao lilikuwa limeshachukuliwa na kazi nyingine?

Jangwani Damu – #13

Mnazunguka bure. Mmachinga ni Mohamed Hussein wa Yanga! Mabao 26 msimu wa 1999, nchi nzima inaimba Mmachinga, Mmachinga. Neno limevuma kutoka pale.

Mnyama Mkali – #14

Jangwani, mjomba wa #7 alikuwa anakimbizwa na mgambo 1991, Mohamed Hussein kafunga 1999. Kasi ya Yanga ndiyo ya kurudi nyuma miaka minane?

Jangwani Damu – #15

Nyinyi Simba mlikuwa na Kagere na mabao yake 23 ya 2018/19, mmeshindwa kuifikia rekodi. Kaeni kimya mbele ya wakubwa.

Mwalimu Mstaafu – #16

Rekodi ni ya kweli na heshima yake apewe. Lakini Mnyama yuko sahihi kwa tarehe: neno lilimtangulia mchezaji. Turudi kwenye mada tafadhali.

Chaunde wa Tunduru – #17

Mimi ni Myao. Sijamwona aliyegusa jambo hili, nami naona ndilo lenyewe.

Wayao tumegawanyika kwa majina ya mahali tulipokaa tulipotoka Mlima Yao kule Msumbiji. Kuna Amangoche, kuna Amasaninga, kuna Amachinga. Hao Amachinga karne ya kumi na tisa wengi walishuka hadi Malawi, ndiyo maana leo Malawi ina wilaya inayoitwa Machinga, Liwonde imo humo. Na Wayao ndio waliokuwa wafanyabiashara wa njia ndefu: msafara kutoka ziwani hadi Kilwa, pembe, nguo, chumvi, na ndiyo, hata watu, tusifiche. Kutembea na mali kichwani miezi mitatu ilikuwa kazi yetu kabla ya Kariakoo kuwa na jina.

Kwa hiyo labda jina lilikuwa na harufu ya biashara tangu huko.

Mjukuu wa Lindi – #18

Kaka wa Tunduru, nakuheshimu, lakini usitumeze. Wamachinga wa Lindi tuna lugha yetu, haifanani na Kiyao kiasi hicho. Sisi ni watu wa pwani ya Mchinga, kaskazini ya Lindi mjini. Bibi yangu akimsikia Myao anaongea anashika maneno mawili matatu kama mnavyoshika nyinyi Kireno.

Chaunde wa Tunduru – #19

Sijasema nyinyi ni Wayao. Nimesema jina ni moja. Majina husafiri kuliko watu. Huenda mlima mmoja ulizaa yetu na bahari moja ikazaa yenu, huenda ni ndugu waliogawana zamani sana. Bibi mpe salamu, mwambie watani zake tunamsubiri msibani.

Mjukuu wa Lindi – #20

Utani nimeupokea, jeneza utabeba wewe.

Mama Ashura – #21

Mnaojadili kabila mnasahau hapa Mchinga ni mahali. Kuna kijiji, kuna ghuba, kuna jimbo la uchaguzi. Mtu akitoka Mchinga Dar wanamuuliza umetoka wapi, anasema Mchinga. Wakiwa wengi watu wanaweka ma-: machinga. Kama fundi, mafundi. Halafu wengine wakaona "machinga" bado halijatosha, wakaweka wa- juu yake: wamachinga. Wingi juu ya wingi. Mimi nadhani ni mahali, wala si kabila wala si Kiingereza.

Mwalimu Mstaafu – #22

Mama Ashura, hoja yako ya ma- nimeipenda. Tena inaeleza kwa nini watu husema "machinga mmoja" bila shida. Ila kijana wetu wa #1 atasema kabila na mahali hapo ni kitu kimoja.

Zamani za Kale – #23

Wengi hapa mnaruka kipindi muhimu. Neno limeshika wakati wa Nguvukazi ya Mzee Mwinyi, vijana wasio na kazi wanakamatwa Dar wanapakiwa malori kurudishwa vijijini. Wale wa kusini walikuwa hawarudi, au wanarudishwa leo kesho kutwa wako Msimbazi. Wanatembea! Hapo ndipo "marching" inapata nguvu.

Mwalimu Mstaafu – #24

Sahihisho. Sheria ya Nguvukazi ni ya 1983, Mwalimu Nyerere bado Rais na Sokoine ni Waziri Mkuu. Mzee Mwinyi kaingia Novemba 1985. Yeye ni Mzee Ruksa, kinyume chake. Mwaka 1984 milango ya bidhaa ilikuwa imeshaanza kufunguliwa, wenye fedha zao za kigeni wakaruhusiwa kuleta mali bila kuulizwa wamezitoa wapi, kisha mitumba ikamwagika. Ndipo kitambaa cha mjomba wa #7 kikapata cha kuwekwa juu yake. Kabla ya hapo ungetembeza nini wakati sabuni yenyewe ilikuwa foleni?

Zamani za Kale – #25

Ahsante Mwalimu, nimesahihishwa. Niliwahi kupakiwa mimi kwenye lori hilo, nilikuwa na miaka kumi na tisa, kichwani nimechanganya marais. Lori lilitushusha mbali na mji, tukapewa majembe. Wiki ya pili nilikuwa Dar.

Ghorofa la Eastleigh – #26

Kutoka Nairobi hapa. Nyinyi mna bahati mna neno. Kwetu ni "hoka" tu, Kiingereza kitupu, na kanjo, askari wa jiji, wanawafukuza vilevile. Mombasa wazee husema mchuuzi. Machinga Nairobi ukilisema mtu atauliza ni chakula gani. Sisi pia tuna Kariokor yetu, kambi ileile ya Carrier Corps, na tumeandika mwisho wake tofauti na nyinyi lakini hatukuukata. Namuunga mkono Mwalimu.

Makoroboi – #27

Mwanza hapa, mtaa umejulikana kwenye jina langu. Mimi ni Msukuma, baba Msukuma, sijawahi kufika Lindi. Nimekuwa machinga tangu 2006. Neno lilitufikia limeshaiva, hatukuuliza.

Nilianza kwa mali kauli. Tajiri wa mitumba anafungua robota, anakukatia suruali ishirini, anakwambia bei yake, wewe unakwenda kutafuta bei yako. Hakuna karatasi, ni kauli tu. Ukirudi jioni zimebaki nane, mnapatana upya: hizi chafu, hizi zina tundu, nipunguzie. Siku mvua imenyesha hujauza, tajiri mwenyewe anakupa nauli na ya kula, kwa sababu kesho anakuhitaji. Nilipomsoma mjomba wa #7 na vitana vyake nikaona ni kitu kilekile. Kwa hiyo wa kusini wametuachia mawili, jina na utaratibu. Mimi nawashukuru.

Binti wa Kariakoo – #28

Umenena Makoroboi. Halafu muangalie neno lilivyopanda cheo. Zamani "machinga" lilikuwa la kumtukania mtu, mhuni, mchafu wa jiji. Leo lina jengo, Machinga Complex pale Ilala. Desemba 2018 Magufuli akatoa vitambulisho, laki sita na sabini elfu, kila kimoja elfu ishirini, na redioni wanasema "wamachinga" kama wanavyosema "wakulima". Wana shirikisho lao, SHIUMA, na M katika jina hilo ni Machinga. Mwaka 2021 walipohamishwa barabarani, tangazo la serikali lilisema machinga. Dodoma wamejengewa soko la wazi, linaitwa hivyohivyo.

Neno ambalo serikali yenyewe inalitumia, afande angelikubali kwa kabila pia.

Mjukuu wa Lindi – #29

Dada yangu, hapo ndipo panaponiuma zaidi. Kitambulisho cha mjasiriamali nilikiona kwa jirani, Mnyiramba wa Singida, anauza viatu. Ananitania: "Mimi Mmachinga mwenye kitambulisho, wewe Mmachinga huna." Nilicheka naye, lakini nilipolala niliwaza wanangu. Wamezaliwa Temeke, Kimachinga hawajui, na jina wanalionea haya. Binti yangu wa darasa la sita aliniomba nisilitaje shuleni.

Sichukii kazi. Babu yangu mdogo aliifanya, akasomesha. Nataka watoto wajue walioanza walikuwa watu, wana kwao.

Mama Ashura – #30

Mfundishe maneno kumi ya Kimachinga huyo binti kabla hajafunga shule. Anza na maji, moto, mama.

Mangi wa Mbezi – #31

Nimekaa nikasoma uzi wote. Marching guys naiacha, Mwalimu na Nairobi wamenimaliza. Lakini #11 haijajibiwa bado: kwa nini Wamachinga na si Wamwera?

Nyamwage–Somanga – #32

Mjomba alikuwa na maelezo yake. Anasema walioanza pale Kariakoo, wale watatu wanne wa mwanzo, ndio hasa walikuwa Wamachinga. Wengine tumefuata. Si wingi, ni kutangulia. Kama mangi wa kwanza mtaani kwenu, hakuwa na wenzake mia.

Chaunde wa Tunduru – #33

Au "Wamachinga" lilikuwa rahisi mdomoni kwa mtu wa Dar. Nasema tu.

Kijana wa Tandale – #34

Mimi bado sijahama. Neno linaweza kuwa na baba wawili. Kabila lilikuwepo, mtu aliyesoma akasikia "machinga", akaona linafanana na marching, akacheka, akalieneza. Bila utani huo lisingefika Mwanza.

Na jamani, nani atanieleza "winga"? Kariakoo sasa hivi kijana anayekudaka mlangoni akupeleke duka la mwenzake si machinga tena, ni winga. Hilo ni la mpira, au na lenyewe tutakuja kugombana miaka arobaini ijayo?

Jangwani Damu – #35

La mpira hilo! Anapiga krosi, mwenye duka anafunga.

Mnyama Mkali – #36

Mara ya kwanza nakubaliana na wewe.

Binti wa Kariakoo – #37

Wakuu nimefanya jambo. Kuna mzee anauza soksi karibu na duka langu, katoka Kilwa, yuko hapa tangu kabla sijazaliwa. Leo mchana nimempelekea chai na chapati nikamuuliza: mzee, nani aliwaita machinga?

Akafikiri sana. Akasema alipofika, mwaka 1985, alilikuta jina. Mara ya kwanza kulisikia aliitwa na mgambo: "Wewe mmachinga, simama!" Na yeye si Mmachinga, ni Mmatumbi.

Mwalimu Mstaafu – #38

1985! Hiyo ni tarehe nzuri sana. Mgambo mwenyewe alikuwa mtu wa wapi? Alisema Mmachinga au machinga? Alikuwa amesoma? Muulize tafadhali.

Binti wa Kariakoo – #39

Nimemuuliza Mwalimu. Anasema hakusimama.